Mama Afe Ukurasa wa Kwanza

Mama alipofariki, familia ilimchagua mjomba mmoja atoe istoriki. Kwetu Lubumbashi kilio hakiendi bila istoriki. Kila kundi la watu likifika linalia kwanza, linaketi, linapewa maji, kisha mtu wa familia anasimama na kueleza ugonjwa ulianza lini, mgonjwa alipelekwa wapi, na mwisho alisema nini. Istoriki ikitolewa vibaya, watu huondoka wakiamini kuna jambo linafichwa, na maneno yao huanza kabla hawajafika kwenye kona ya barabara.

Mjomba alisimama vizuri, akakohoa, akaeleza kwa huzuni kubwa jinsi kifua kilivyombana marehemu akitoka zamu ya usiku, na jinsi wenzake wa kazini walivyomleta nyumbani wakimshika mikono. Wanawake waliokuwa kwenye mikeka walitazamana. Mama hakuwahi kufanya zamu ya usiku. Ile ilikuwa istoriki ya baba, aliyetangulia mwaka mmoja kabla. Mjomba alikuwa ameizoea na hakuona sababu ya kujitafutia nyingine.

Ndipo nikasimamishwa mimi. Nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, mtoto wa kwanza, na ndimi niliyekuwa nimemuuguza. Nikaanza kama nilivyofundishwa kuandika insha shuleni: Jumatatu mama aliamka akisikia baridi. Sijafika Jumanne, kundi lingine likaingia langoni likilia.

"Anza tena, mutoto," wakasema walipokwisha kuketi. "Shiye tunafika sasa hivi."

Nikaanza tena Jumatatu. Likaingia kundi la wanawake wa soko. Nikaanza tena. Jirani aliyetuazima baiskeli ya kumpeleka mama kwa daktari alikuwa ameketi karibu tangu asubuhi, akingoja baiskeli yake itajwe mbele za watu, na kila nilipoikaribia, lango lilifunguka. Kufikia alasiri nilikuwa nimemwamsha mama na baridi ya Jumatatu mara nyingi hivi kwamba sauti ilikauka, na hospitali nilikuwa sijamfikisha hata mara moja. Jirani wa baiskeli alikasirika, akaenda zake.

Aliyeniokoa ni kambo, ndivyo tunavyomwita bibi, aliyekuja kwa miguu kutoka upande wa Kinsevere. Alinivuta kando, karibu na mbabula ya chai, lile jiko la makaa.

"Weye unaanzia mbali sana," akaniambia. "Bantu banajua kama alikufa, njo maana banakuja. Anzia pale pa kufa. Kisha urudie nyuma pole pole. Mwenye kufika, afike. Hatapotea."

Nikajaribu. Nikasema kwanza mama amekufa alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Watu wakalia, wakamaliza. Nikarudi siku moja nyuma, hospitali. Nikarudi tena, baiskeli, lakini mwenyewe hayuko. Makundi yaliingia na hakuna aliyeuliza kitu, kwa kuwa jibu la swali lao lilikuwa limetangulia. Nikaendelea kurudi nyuma, nikapita baridi ya Jumatatu bila kutambua, nikajikuta katika wiki ambazo mama alikuwa mzima kabisa.

Nikawaeleza habari ya muuza makala, yaani makaa ya kupikia. Mama alinunua kwake gunia, chini akakuta mawe. Hakusema neno. Baada ya siku chache yule baba alipita tena akiomba maji ya kunywa, na mama akamkaribisha mezani kama mgeni wa heshima. Akamletea bukari ya moto, ule ugali wetu, na bakuli lililofunikwa. Yule baba alinawa mikono, akafunua, akakuta sombe, majani ya muhogo, iliyopikwa vizuri na mafuta ya mawese, na ndani yake mawe yake mwenyewe. Alitazama bakuli muda mrefu. Kisha akachovya kidole, akalamba, akasema, "Mama, chumvi haiko." Mama alicheka mpaka akaketi chini.

Watu wa kilio walicheka vilevile. Walicheka wakijifuta macho, na ndivyo walivyoinuka kwenda zao, wakimbeba mama yangu mzima, ameketi chini anacheka. Kambo aliinamisha kichwa kunionyesha kwamba istoriki imetoka sawa.

Nadhani istoriki hiyo ndiyo iliyotuweka pamoja. Siku ya kikao cha familia, wajomba na mashangazi walitaka kutugawa: mdogo wangu wa kike aende kwa huyu, wa kiume kwa yule, na kitinda mimba apelekwe karibu na Luano, kwa shangazi asiyekuwa na mtoto. Nikasema hapana, tutabaki sisi wanne. Wakaniuliza nitawalea kwa kitu gani. Nikawaonyesha cherehani ya mama. Mtu aliyekwisha kutoa istoriki nzuri hakatizwi ovyo; walinisikiliza. Shule niliacha mwezi huohuo.

Kitinda mimba alikuwa na miaka mitatu mama alipokufa, na alipofika mitano akaanza kudai. Sisi watatu tulikuwa na mama kichwani; yeye hakuwa na kitu. Alikuwa anaketi chini ya meza ya cherehani nikishona, akiokota vipande vya kitambaa, na kutoka huko chini inapanda sauti: "Yaya, niambie mama." Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilianza na mama mzima nikaenda mbele, na kadiri nilivyokwenda ndivyo alivyosogea kwenye mguu wangu, mpaka tukafika kaburini na ikabidi niache kushona. Alilia mpaka sahani ya jioni ikapoa. Kesho yake nikakumbuka maneno ya kambo. Nikasema upesi, kama mtu anavyong'oa mwiba, kwamba mama alikufa, kisha tukarudi pamoja siku baada ya siku hadi kwenye mawe na sombe. Alicheka, akatoka kwenda kucheza. Tangu siku ile hakukubali mpango mwingine. Nikijaribu kuanzia kwingine, ananisimamisha.

"Hapana, yaya. Mama afe kwanza. Njo tucheke."

Jirani mmoja alikuwa amesimama mlangoni na kanzu ya kupunguza kiuno aliposikia hayo. Alinitazama, akatazama chini ya meza.

"Muko munafundisha mutoto nini mu hii nyumba?"

Nilimweleza, lakini nilimwona akiondoka na kanzu yake bila kupunguza kiuno.

Wakati huo nilikuwa nimepata kazi katika karakana ya kushona ya foyer, nyumba ya jumuiya ambako wanawake wa kambi ya kampuni walijifunza kushona na kusoma. Chumba cha pili kilikuwa na mashine ya taipu, mashine ya kuzungusha stensili, na Mwalimu. Mwalimu alikuwa mzee aliyetoka Kasai kwa treni akiwa kijana, akafundisha watoto wa Lubumbashi mpaka nywele zikawa nyeupe, kisha akastaafu bila kuacha kufundisha. Abakosi yake moja, koti lile lisilovaliwa na tai, aliipiga pasi kila siku. Alikuwa amepewa kazi ya kutafuta hadithi zilizoandikwa na watu wa kambi. Iliyo nzuri ingechapwa kijitabu, naye angeisoma kwa sauti mbele ya watu Jumapili moja alasiri.

Niliandika yangu katika daftari la mistari, wakati wa mapumziko ya saa sita. Niliificha familia kadiri nilivyoweza. Mama nilimfanya mwanamke wa Naviundu anayeuza samaki, nikamwongezea urefu na kumpa mume aliye hai, kwa kuwa katika kuandika mtu anaweza kutoa zawadi kama hizo. Niliyoyaacha kama yalivyo ni mawe, na mpango: afe ukurasa wa kwanza, kisha turudi nyuma. Nikamwambia kitinda mimba kwamba hadithi yetu itasomwa mbele za watu wote na kwamba mwishoni mama atakuwa hai. Alikuwa na miaka sita. Alinitaka niape, nikaapa.

Mwalimu aliisoma akaipenda. Aliniita kwenye chumba chake na kunipa kiti.

"Sitwayene, una kipaji," alisema, kwani miaka ile serikali ilitaka tuitane mwananchi. "Kuna kosa moja dogo. Nimekwisha kulisahihisha."

Alikuwa amekata daftari langu kwa makasi. Kila siku ya hadithi ameiweka kwenye karatasi yake peke yake, ameigandisha kwa uji wa unga wa muhogo, na juu ameandika kwa mwandiko wa ubaoni: Siku ya Kwanza, Siku ya Pili, mpaka Siku ya Tisa. Mawe na sombe yalikuwa Siku ya Kwanza. Kifo kilikuwa Siku ya Tisa, na chini ya kifo alikuwa ameongeza kwa wino mwekundu: *Fundisho: Mgonjwa apelekwe hospitali mapema.*

Nilitazama karatasi zile kama mtu anayetazama nguo ambayo mteja amejifungulia mshono mwenyewe.

"Mwalimu, sikukosea. Nilitaka aanze kwa kufa."

"Hadithi ina kichwa, tumbo na mkia. Wewe umeanza na mkia."

"Ng'ombe akipita mlangoni kinyumenyume, mkia ndio unaingia kwanza, na bado ni ng'ombe."

"Ng'ombe anayepita kinyumenyume ni mgonjwa," alisema Mwalimu. "Sikiliza. Wakati ni kama treni. Inatoka Mwene-Ditu, inapita Kamina, inafika Lubumbashi. Umewahi kuona treni inaanza Lubumbashi, inapita Kamina, inaishia Mwene-Ditu?"

"Ile ya kurudi, Mwalimu."

Mke wake, aliyekuwa amemletea chakula na kuketi kwenye benchi kumngoja amalize, aliinamisha kichwa kwenye kitambaa chake. Mwalimu alimwona.

Nikaendelea, kwa kuwa nilimfikiria mtoto wangu wa chini ya meza na kile kiapo. Nikasema hata nguo haishonwi kama inavyovaliwa; inashonwa ndani nje, mwisho ndipo inageuzwa. Alisema nguo si wakati. Kwa hiyo nikatoa ile niliyokuwa nimeiweka akiba.

"Mwalimu, mu Kiluba chenu cha Kasai, jana munasemaje?"

"Makelela."

"Na kesho?"

Alifungua sahani yake, akaifunga.

"Jibu mutoto," mke wake alisema.

"Makelela," alisema Mwalimu.

"Neno moja kwa jana na kesho," nikasema, "na njo unanifundisha mpango wa wakati?"

"Mtu anayezungumza anajulikana amekusudia nini!" Alikuwa amepandisha sauti, naye hakupandisha sauti mara nyingi. "Sitwayene, nchi inakwenda mbele, na hadithi zake ziende mbele."

Mke wake alikuwa sasa anacheka waziwazi. "Baba," alimwambia, "istoriki yako ya kufika Lubumbashi, ile unayotoa kila siku ya sikukuu. Unaanzia wapi?"

Mwalimu alivuta sahani yake karibu.

"Anaanzia kwenye stesheni," mke wake akaniambia mimi, "anashuka na kiatu kimoja. Bantu bote banauliza, kingine kilienda wapi? Njo anarudi nyuma mpaka Kamina kutafuta kiatu. Miaka makumi matatu. Hakuna siku alianza na viatu bibili."

"Hiyo ni ya mdomo," alisema Mwalimu. "Ya kuandika ina kanuni."

Akaanza kula, na Mwalimu alipokuwa akila, mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Nilisimama nikiona wazi jinsi itakavyokuwa: kitinda mimba kwenye benchi la mbele, mama anacheka mapema, kisha kila ukurasa unamshusha, mpaka mbele ya kambi nzima anazikwa na kufuatiwa na Fundisho. Ningekuwa nimemuua mara ya pili, na kwa kiapo.

Wiki iliyofuata stensili zikachapwa. Karatasi ziliingia karakana kwangu katika marundo tisa, kwa kuwa vijitabu vya foyer havikuwa na pini. Vilishonwa kwa cherehani, mshono mmoja ukingoni, na mshonaji nilikuwa mimi. Mwalimu alikuja mwenyewe kuniagiza. Alikuwa mtu mwema na aliona sijafurahi.

"Usiharibu kazi kwa hasira," aliniambia.

"Siwezi, Mwalimu. Nitashona jinsi hadithi ilivyo."

Aliitikia kwa kichwa akaridhika, akarudi chumbani kwake. Sikumdanganya. Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile na bado naona sikumdanganya. Alisikia alichotaka, kama msomaji yeyote. Na usafi wake ndio ulionisaidia. Kama angeniachia daftari lilivyokuwa, siku zingeingiliana katikati ya kurasa na nisingeweza kitu. Lakini yeye alikuwa ameipa kila siku karatasi yake. Nilichukua ya tisa nikaiweka juu, ya nane chini yake, nikapitisha sindano.

Jumapili ilifika. Kama mikutano yote ya miaka ile, kwanza tulisimama tukacheza na kuimba sifa za chama tawala mpaka jasho likatoka, kisha tukaketi. Vijitabu vilikuwa kwenye kikapu mlangoni, bado vimefungwa kwa utepe. Mwalimu alichukua cha juu, akavaa miwani, akaeleza kwa muda mrefu kwamba hadithi watakayosikia ina mpangilio bora kuliko zote alizopokea. Kitinda mimba alikuwa benchi la mbele, miguu haifiki chini. Mimi nilisimama ukutani na mikono nyuma.

Mwalimu alifunua. Nikamwona anasoma kichwa cha ukurasa. Nikaona macho yake yanapanda juu ya miwani, yanazunguka chumba, yananipata. Alifunua ukurasa wa pili akachungulia, akafunua wa mwisho. Watu walingoja. Sasa angefanya nini? Amekwisha kuusifu mpangilio.

"Siku ya Tisa," alisoma.

Mwanamke wa Naviundu akafa. Akinamama wakasikitika kwa midomo, mmoja akafuta jicho. Nilikuwa namtazama mdogo wangu tu. Alikuwa anachunguza kucha zake kama mtu aliye katika foleni ndefu anayejua zamu yake itafika. Kisha Mwalimu akafika kwenye wino mwekundu, ambao stensili ilikuwa imeugeuza mweusi, na kwa kuwa ulikuwa ukurasa uleule hakuwa na pa kuukwepea. Akasoma Fundisho. Watu wakaitika kwamba ni kweli, mgonjwa apelekwe mapema. Walipokwisha kufundishwa, walibaki na kurasa nane za kufurahi.

"Siku ya Nane," alisoma Mwalimu, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi kidogo.

Kwenye Siku ya Sita mzee mmoja aliyechelewa, aliyekuwa ameambiwa mlangoni habari ya kifo, alikaa nyuma, akasikiliza, akamgusa jirani yake. "Huyu mama, si munasema alikufa?"

"Alikufa. Nyamaza. Iko anarudia."

Na kweli alikuwa anarudia. Kwenye Siku ya Nne alipata tena nguvu za kugombana sokoni. Kwenye ya Tatu alimvalisha mumewe shati nje ndani. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameanza kusoma haraka, kama mtu anayetaka kujua, ingawa alikuwa ameyakata maneno yale kwa makasi yake. Alipofika Siku ya Kwanza na bakuli likaletwa mezani limefunikwa, kitinda mimba alicheka kabla halijafunuliwa. Kisha likafunuliwa, na muuza makala akasema chumvi haiko, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mke wa Mwalimu alimshika mtu asiyemjua. Mdogo wangu aligeuka, akapiga magoti juu ya benchi, akawatazama watu wote nyuso zao, mstari kwa mstari, kama mwenye nyumba anayehesabu wageni waliokuja kumsalimu mama yake. Hakulia. Kijitabu kilikuwa kimekwisha.

Kesho yake asubuhi Mwalimu aliingia karakana. Aliketi kwenye kiti cha wateja, kijitabu mkononi, akapapasa mshono kwa kidole gumba.

"Uliniambia utashona jinsi hadithi ilivyo."

"Njo vile nilishona, Mwalimu."

Nje wanawake walikuwa wanafagia uwanja. Alifungua kijitabu, akafunga, kama alivyofanya na sahani yake siku ile.

"Bado vingapi havijashonwa?"

Nikamwonyesha marundo tisa kando ya dirisha. Aliyatazama, na nikawa tayari kwa lolote. Kama angetaka nifumue, ningefumua vyote. Cha mdogo wangu kilikuwa nyumbani tayari, chini ya mto.

"Shona vyote hivyohivyo," alisema. "Visiwe vya aina mbili, watu watadhani tumekosea. Lakini vichwa vya siku usivikate. Wajue kwamba mpangilio ulikuwepo."

"Ndiyo, Mwalimu."

Aliinuka, akanyoosha abakosi yake, akafika mlangoni akasimama.

"Na Fundisho?"

"Limebaki ukurasa wa kwanza."

Alifikiri.

"Ni pazuri," alisema. "Watalisoma kabla hawajachoka."